Nguzo Mpya ya Uwanja wa Mbwa

Garbanzo aligoma langoni. Mbwa mzima, mkubwa kama ndama, rangi ya dengu na jina la dengu, aliyeshinda mwezi mzima akilia ndani ya vyumba viwili vya ghorofa ya sita kwa sababu uwanja wake ulikuwa umefungwa, leo ameletwa, amepitishwa lango la nje, na lango la ndani lilipofunguliwa akakaza miguu yote minne na kuanza kutetemeka.

"Ingia, baba," Zulema Arrieta alimbembeleza. "Ni kwetu hapa. Umesahau?"

Kwa kweli hata yeye Zulema angeweza kusahau. Uwanja wa mbwa wa bustani ya Las Moreras ulikuwa umechakaa hadi aibu: mashimo yaliyojaa matope, uzio uliotoboka, na harufu ya mkojo iliyowafuata watu hadi kituo cha basi. Nusu ya mbwa wa mtaa wa Almagro walikuwa wakikojoa pale. Zulema alipiga hodi ofisi za manispaa mpaka walinzi wakaanza kumwita shangazi, na mwisho manispaa ikamkarabatia uwanja. Sasa chini pametandazwa matofali mekundu yaliyosagwa, uzio mpya, mabenchi mapya, na katikati nguzo ndefu ya chuma yenye taa tatu, rangi yake ya kijani bado inang'aa. Mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha uwanja wote.

Iturralde, msimamizi wa kazi ile, alipomkabidhi ufunguo jana yake hakumficha kitu. "Doña Zulema, mimi nakupenda, lakini nisikilize. Wale wa jengo refu hapo kando wanataka hapa pawe maegesho ya magari. Tatizo moja tu likitokea, nafunga, na hapafunguliwi tena."

Maneno hayo yalimkosesha usingizi. Majirani wa jengo lake walikwisha mwambia: mbwa huyu akiendelea kulia, aondoke. Na Garbanzo akiondoka, Zulema abaki na nani? Tangu mumewe Anselmo afariki, mbwa huyu ndiye aliyemtoa kitandani kila asubuhi, kwa kumlamba uso na kumvuta shuka. Bila uwanja hakuna Garbanzo. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi hivyo, na ilimtisha.

Evaristo akafika. Ndiye aliyewatembeza mbwa wa watu waliokuwa kazini, mwanamume wa makamo, kiunoni mkanda mpana wenye kamba kila upande, na kwenye kila kamba mbwa, mguuni viatu vyake vya kitambaa vya soli ya kamba ambavyo havibadili hata mvua inyeshe mawe. Aliwafungulia mbwa wake ndani, kamba zikabaki zinaning'inia, kisha akamtazama Garbanzo na kucheka.

"Doña, huyu wako amekuwa bwana mkubwa! Anasubiri zulia?"

"Mwache. Amezubaa tu."

"Amezubaa? Anaogopa usafi. Mbwa wa matope huyu."

Zulema akacheka naye, ila kicheko hakikufika mbali. Mbwa mdogo wa Evaristo, mwenye manyoya ya waya, alikuwa amekwenda kwenye nguzo mpya na kuinua mguu. Aliruka juu na mlio mmoja mkali, akakimbia mkia ukiwa tumboni.

"Nyuki," alisema Evaristo, akachomoa chupa yake ya maji moto.

Nyuki gani, baridi yote hii? Zulema alisimama akiangalia. Mbwa wengine walikuwa wakicheza kila mahali, ila wakikaribia katikati walipinda, wote, wakiiacha nguzo na duara lake la ardhi yenye majimaji. Zulema akajongea taratibu, akijifanya anaokota takataka, akapeleka mgongo wa kidole kwenye chuma.

Ilikuwa kama sisimizi mia wamemuuma kwa pamoja, mpaka kwenye kiwiko. Aliurudisha mkono na kuukumbatia kifuani. Akageuka nyuma. Evaristo alikuwa akimimina maji moto kwenye kibuyu chake cha chai chungu. Hakuna aliyeona.

Sema, akajiambia. Piga kelele, watoe wote. Lakini jengo refu lilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, na roshani zake zote zilikuwa kama macho. Akisema, Evaristo atampigia Iturralde, Iturralde atakuja na mnyororo, na kesho yake yataingia magari. Nitakaa hapa mwenyewe, akawaza. Nitawafukuza. Saa moja tu, waende zao, halafu nimwite Iturralde kwa siri aje arekebishe. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza. Akachagua woga uliokuwa karibu, akakokota kiti chake cha kukunja na kukiweka hatua chache kutoka nguzoni.

"Doña, umekuwa mlinzi wa taa?" Evaristo aliuliza.

"Napenda kukaa katikati. Kuna sheria?"

"Sheria zote ni zako, malkia."

Hapo alisema kweli. Zulema ndiye aliyefagia pale miaka yote, na ndiye aliyewafundisha watu kanuni ya ugomvi. Mbwa wakishikana, mtu asitie mkono apoteze vidole. Apige kelele, "Maji!", na aliye karibu na bomba anyakue ndoo inayokaa imejaa siku zote, awamwagie, ndipo awatenganishe. Maji kwanza, mikono baadaye. Aliwaimbisha hivyo mpaka ikawaingia mwilini. Siku hizi neno likitoka tu, mtu huwa amekwisha kimbia kabla hajajua kwa nini.

Lango la nje likalia. Alikuwa Perla, mwalimu wa piano aliyestaafu, na Bombón wake, mbwa mweupe wa mapajani mwenye utepe shingoni. Perla alisimama kwenye kijumba cha katikati ya malango mawili, karibu na Garbanzo, mkono kwenye komeo la lango la ndani.

"Niingie, mpenzi? Pamependeza jamani!"

Zulema aligeuka kitini. Aliona yote, mbwa yule mdogo, majimaji yale, nguzo ile. Akafungua kinywa.

"Ingia, Perla. Karibu."

Perla akaingia. Garbanzo, kumwona mwenzake anapita naye anabaki, akaanza kubweka kwa sauti yake nene ya pipa. Roshani ya ghorofa ya tatu ikafunguka, mwanamume mmoja akatoka na kuegemea chuma, akitazama chini. Zulema alimwona. Tatizo moja tu. Akainuka kitini na kukimbilia langoni.

"Nyamaza! Nyamaza, utatuua!"

Alikuwa amemshika Garbanzo mdomo aliposikia mlio nyuma yake, mlio mrefu mwembamba usiofanana na wa mbwa. Akageuka. Bombón alikuwa amelala chini ya nguzo, amekakamaa, mwili unatikisika. Mbwa wawili wa Evaristo walikuwa wamemrukia kwa taharuki na kurushwa nyuma wakibweka, na kwa mtu aliyekaa mbali ulikuwa ugomvi kabisa.

"Bombón!" alilia Perla. "Wanamuua!"

Evaristo alikwisha simama, macho kwenye ndoo. Zulema akapiga kelele kwa pumzi zake zote.

"Maji hapana!"

Lakini neno la kwanza lilikuwa limetoka kwanza. Evaristo alisikia "Maji!", lile neno alilofundishwa, kwa sauti ile ile iliyomfundisha, na lililofuata halikupata nafasi katika makelele. Akanyakua ndoo na kuimwaga yote pale chini ya nguzo. Kisha, kwa kuwa maji yametangulia, akapeleka mikono. Akamshika Bombón ukosi.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Zulema kuliko yote. Alikunja uso tu, meno yakabana, na mkono ukagoma kuachia.

"Msiguse!" Zulema akampita Perla na kumsukuma mpaka akaanguka chali. "Umeme! Usimguse!"

Zile kamba za mkandani zilikuwa zimelala chini nyuma ya Evaristo. Moja ilikuwa ya ngozi, ndefu, ncha yake imefika pakavu chini ya benchi. Zulema alijifunga skafu ya sufu mkononi. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anakufa. Akaishika na kuvuta, akaanguka, akavuta akiwa amekaa, na Evaristo akamjia mzima mzima kama gunia.

Alikuwa hapumui. Kisha akapumua.

Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa na fahamu, kiganja kimeungua, akiuliza nani atawarudisha mbwa wa watu. Mafundi wakaja kukata umeme wa nguzo. Mnyororo nao ukaja, na Zulema akautazama ukipitishwa langoni.

Perla alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, Bombón mapajani, amefunikwa kwa koti mpaka kichwani. Zulema akakaa kando yake. Perla akautafuta mkono wake na kuubusu.

"Bila wewe Evaristo naye angekwenda," alisema. "Ulijuaje kuwa ni umeme, Zulema? Mimi niliona ugomvi. Sote tuliona ugomvi."

Hakuna aliyemwona akigusa ile nguzo. Angeweza kusema Mungu, angeweza kusema bahati, na Perla angeamini, kwa kuwa alitaka kuamini. Zulema aliutazama mkono wake ndani ya mikono ya mwenzake.

"Niliigusa," alisema. "Ikanirusha."

"Saa ngapi?"

"Ulikuwa hujafika."

Perla hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Hakupiga kelele, hakutukana. Aliurudisha ule mkono taratibu juu ya goti la mwenyewe, kama kitu alichoazimwa.

"Nilikuuliza," alisema Perla. "Nilikuuliza niingie."