Sanduku la Ampuli za Kabambare

Mwaka wa hamsini na sita Zéphirin alirudi Kasongo kutoka shule ya ufundi, cheti mfukoni na mashini ya kupimia umeme begani, na tangu siku hiyo hapakuwa na waya mjini ambao hakutamani kuupima. Alipima betri za redio na pasi za misioni. Watu walimzoea.

Kwa hiyo Anastasie, mkunga wa nyumba ya kujifungulia, maternite ya Kabambare, alipokuja kununua ampuli za taa, Zéphirin alimfuata dukani kwa Bulaimu. Maternite ilikuwa imepata mashini ndogo ya kutoa umeme na nyaya zilikuwa zimekwisha kufungwa; zilikosekana ampuli tu. Mama Anastasie alikuwa amekuja na lori la pamba, na lori lingerudi jioni ileile.

Bulaimu alifungua sanduku. Zéphirin alichukua ampuli moja, akasoma nguvu iliyoandikwa kwenye kioo, akapiga hesabu kama alivyofundishwa shuleni. Rezistansi, yaani jinsi uzi wa ndani unavyouzuia umeme kupita, ilipaswa kukaribia ohmu mia tano. Akaigusisha nyaya mbili za mashini yake. Mshale haukufika hata arobaini. Akachukua ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa vilevile.

Uzi unaozuia kidogo namna ile ungekunywa umeme zaidi ya mara kumi, na fyuzi ingekatika, labda saa ileile mama yuko anajifungua. Alimwambia mkunga asizichukue.

Bulaimu hakukasirika. Alisema ampuli za namna hiyo amewauzia watu wa Nyangwe na Lusangi, na hakuna aliyemrudishia hata moja. Lakini kama fundi amezikataa, yeye hatamlazimisha mtu. Akaanza kufunika sanduku.

Anastasie alimshika mkono. “Ngojeni kwanza, Baba Bulaimu. Tuiwashe moja, tuione.”

Duka lilipata umeme wa kiwanda cha pamba, na mashini ya kiwanda ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Zéphirin aliomba ruhusa kwa mwenye duka, maana fyuzi ni zake, kisha akaitia ampuli mahali pake na kubonyeza. Ikawaka, nyeupe na tulivu, na fyuzi haikukatika.

Mtu mwingine angeomba radhi na kwenda zake. Zéphirin aliomba radhi, lakini miguu haikutaka kuondoka. Ama mashini yake ilisema uongo, ama hesabu ya shule, na yeye aliviamini vyote viwili. Aliazima pasi ya mke wa Bulaimu, akaipima ikiwa baridi: ilikubaliana na hesabu. Akaichomeka hadi ikawa moto, akaichomoa, akaipima tena. Mshale ulisogea kidogo mno. Basi mashini haikuwa na kosa.

Akaitazama ampuli iliyokuwa bado inawaka. Uzi wa pasi huwa mwekundu. Huu ulikuwa mweupe usiotazamika. Aliichomoa kwa kitambaa na kuwahi kugusisha nyaya. Mshale ulionyesha namba kubwa, na papo hapo ukaanza kurudi, polepole, mbele ya macho yao, mpaka ukatulia chini ya arobaini.

Waliirudia kazi ile mara nyingi, vichwa vitatu vimeinamia meza moja. Wanunuzi waliokuja kutafuta chumvi walingoja.

“Iko inabadilika,” Zéphirin alisema hatimaye. “Ikiwa baridi inaachia umeme upite. Ikiwa moto sana inaufungia njia. Hesabu ya shule ni ya ampuli yenye kuwaka.”

Anastasie aliuliza kama ndiyo sababu, kule alikosomea ukunga, ampuli zilikuwa zinakufa wakati wa kuwashwa, si wakati zinawaka. Zéphirin alisema ndiyo, nadhani ndiyo, na fikra nyingine ikamjia. Mashini ya Kabambare ni ndogo. Asiwashe vyumba vyote kwa mara moja, ampuli zote zikiwa baridi. Awashe kimoja, kiwe na mwanga, ndipo kingine.

Bulaimu, aliyekuwa amenogewa, alitoa nyuma ya duka ampuli ya zamani aliyoachiwa na baba yake, yenye uzi mnene wa rangi ya asali. Zéphirin aliipima baridi, akaiwasha, akaipima moto. Mshale ulikwenda kinyume: moto ulikuwa umepunguza rezistansi. Walitazamana. Nje, dereva wa lori alipiga honi, na Anastasie akaondoka na sanduku lake, akigeuka nyuma kwa majuto ya mtu anayekatiziwa habari.

Baadaye dereva alileta salamu: maternite ya Kabambare inawaka, chumba baada ya chumba, na mashini haikohoi.

Zéphirin alimpelekea padri wa misioni, mwalimu wa hesabu, ile ampuli ya zamani. Padri aliigeuza juani, akasema uzi wake ni wa makaa, na makaa hayana tabia ya chuma. Zéphirin akauliza kwa nini. Padri alikiri hajui, kisha akavuta kiti, akamwambia aketi, waipime pamoja.