Mstari wa Hester Budge

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Winifred Tapscott alipanga viti tisa katika ukumbi wa kijiji cha Sallow: vinane vya wanachama wa chama cha historia, na kimoja cha Hester Budge, aliyefariki miaka mia mbili iliyopita. Cha Hester aliweka karibu na mlango, maana viatu vyake havikuishiwa tope na zulia lilikuwa jipya.

Ulikuwa mwaka wa tisa Hester anahudhuria. Nyumba yake na nyingine kumi na tatu zilibomolewa na tajiri wa jumba kubwa kwa sababu zilimziba asione ziwa. Wenyewe walitolewa nje mwezi wa Januari. Mpaka leo, kila asubuhi, moshi wa meko kumi na manne hupanda kutoka kwenye nyasi za jumba lile, na akina mama wa Sallow wamezoea kuanua nguo mapema.

Sasa kitabu cha historia ya kijiji kilikuwa kinakwenda mitamboni. Winifred alikuwa amewaandikia wale waliotolewa ukurasa mzima, kwa majina yao yote.

"Winifred, dada yangu, maji yakishamwagika hayazoleki," alisema mwenyekiti, Bwana Lionel Frampton, mzao wa tajiri yule, aliyerithi jumba na ziwa lake. "Tuseme tu walihama."

"Hayakumwagika yenyewe, Lionel. Mwenyewe huyo hapo, muulize."

"Namwona. Mpe biskuti."

Wakapiga kura. Mikono saba ikanyooka upande wa Lionel. Winifred alikuwa na miaka sabini na moja, na jioni ile alivikunja viti vyote tisa peke yake.

Kitabu kilipotoka, Hester alifika kabla hata birika halijachemka. Hakujua kusoma.

"Nionyeshe pangu, mwanangu."

Winifred akaweka kidole penye maneno haya: *Familia kadhaa zilihama.* Kisha akasoma yale aliyokuwa ameyaandika mwenyewe, kwa ghaibu, kidole kikiwa bado palepale: theluji, mapaa yaliyovutwa chini kwa farasi, Hester Budge na wanawe wanne, na majina ya nyumba zote kumi na nne, moja baada ya jingine.

Hester alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akaupima ule mstari kwa kidole chake chenye masizi.

"Mwanangu, yote hayo yametoshaje hapa?"

Winifred aliona haya, akamsogezea sahani ya biskuti. Hester akamaliza biskuti yake taratibu, akasema atakuja tena mwezi ujao.

Asubuhi moshi ulipanda kama kawaida, na Bwana Frampton akaagiza madirisha yafungwe.