Marehemu Kwenye Safu ya Washindi

…na huyo tena, nyuma ya bega la shujaa, kaka wa mhariri wa filamu, kavaa ngozi ya kukodi, anatabasamu, na kidole cha mhariri kimeganda juu ya kitufe, "Mtoe huyo, dada," mwongozaji anasema nyuma ya kiti, anapuliza chai, "tulishamuua vitani, marehemu atasimamaje kwenye ushindi, watu watatucheka," na kweli kosa ni lao, walipiga picha za mlimani kwanza, vita baadaye, huko mlimani wanajeshi wakapungua, kila mwenye miguu miwili akapewa mkuki, hata kaka huyu, mshika ngao ambaye hadithi ilikuwa inamngoja imuue… na homa ya kweli nayo ikamngoja, picha hazijakauka, wakamzika, na mama anauliza kila jioni, mwanangu atakuwepo mpaka mwisho wa filamu, naye mhariri anajibu atakuwepo, mama, atakuwepo, ulimi hauna mfupa… "shujaa anaondoka kwao, anampoteza rafiki, anapata hasira, anapanda mlima peke yake," mwongozaji anahesabu kwa vidole, "peke yake, dada, ndiyo utamu wake," haya, ajaribu basi, si kufuta, kuficha tu, anavuta kipande cha anga, anamfunika kaka yake kama walivyomfunika siku ya kumzika, Mungu wangu, kisha anairudisha picha nyuma, inakwenda, shujaa anafika kileleni, upepo, anageuka… lakini mbona anageuka, hakuambiwa ageuke, ni kaka yake alimnong'oneza upuuzi wake siku ile ya kupiga picha, hakuwa na adabu yule, shujaa akageuka huku kicheko kimembana mpaka machozi, na chozi hilo mwongozaji analisifia kila mahali… sasa shujaa anageukia anga tupu, na macho hayatangatangi, yanatua mahali, urefu wa mtu, yanamsikiliza mtu, mhariri anairudisha, anaficha zaidi, na kadiri anavyoficha ndivyo pale patupu panavyojaa, ukumbi mzima utageuza shingo kumtafuta, kumbe hadithi hii haijawahi kuwa na mtu peke yake, kumbe hakumdanganya mama… "Unanisikia, dada? Mtoe." "Nakusikia, bosi," anasema, na anaogopa, anaogopa kweli, ila hofu hiyo ina harufu ya nyumbani, kama kaka yumo chumbani, na kwenye kioo shujaa bado ametazama nyuma, chai ya mwongozaji bado inafuka, na kidole bado kiko juu ya kitufe.