Bega la Machela

Kwa miaka miwili Ambindwile hakuwahi kuuona uso wa mkubwa yeyote. Aliona viatu tu. Mgongo ulikuwa umemkunja, bega la kushoto limeshuka kama tawi la mparachichi lililozidiwa, na kila alipokwenda mkutanoni na swali lake alijikuta akikiuliza kiatu cha Jotham, mwenyekiti wa chama cha ushirika. Kiatu chenyewe kilizidi kung'aa kadiri kahawa ya wanachama ilivyozidi kukosa bei.

Swali lilikuwa moja: Landrova ya chama ilikwenda wapi? Siku Sekela, mkewe, aliposhikwa na tumbo, gari halikuwapo. Wakati ule kila kitu kilikuwa ruksa, na wakubwa wakasema limeuzwa, basi. Ambindwile na majirani wakambeba kwa machela kutoka juu ya Kinyala mpaka Tukuyu, mvua inawanyeshea, yeye mbele, mti wa machela begani. Sekela hakurudi. Bega nalo halikurudi.

Mwishowe akaenda kwa Bi Mwanaharusi, mkandaji wa pale mjini, mama wa Kitanga mwenye dole gumba kama mchi. Akamlaza kifudifudi mkekani, akampaka mafuta ya nazi, akabonyeza mahali pamoja chini ya bega.

"Mama we! Unaniua!"

"Hapa umebeba nini, baba?"

"Sijabeba kitu."

Akabonyeza tena.

"Machela! Nimebeba machela!"

"Miaka miwili yote? Si uitue sasa!"

Alimkanda Jumatatu nne. Kisha akamwambia kukanda ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujifunza kutembea upya. Kila asubuhi aweke mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, aende na kurudi mara kumi, macho mbele.

"Kichwani?" Ambindwile alikaa kitako. "Mama, huku kwetu mwanamume anabeba begani. Kichwani ni wanawake."

"Na kati yenu nani kanyooka?"

Ambindwile akaenda kutafuta mkungu. Akaanza kwa kujificha migombani. Siku ya tatu shemeji yake, Agness, mdogo wake Sekela, akamfuma, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, dada! Unaolewa lini?"

Mkungu ukadondoka, ukamponda kidole cha mguu. Akauokota, akaendelea akichechemea.

Jumamosi ya mkutano akavaa koti ambalo halijamkaa vizuri tangu msiba, akaingia ofisi ya chama amesimama wima. Jotham alipomwona mtu mrefu wa koti akadhani mkaguzi kutoka mkoani. Akaruka, akamvutia kiti meza kuu.

"Karibu, mheshimiwa! Karibu sana!"

"Ni mimi, Ambindwile." Akamtazama usoni. Uso wenyewe ulikuwa mdogo kuliko viatu. "Landrova ya chama ilikwenda wapi?"

Jotham akashika kiuno, akajikunja.

"Jamani, mgongo! Mgongo umenibana. Tuahirishe."

"Asiondoke!" Bi Mwanaharusi alisimama kule nyuma; alikuwa amekuja kumwona mwanafunzi wake anavyotembea. "Mgongo ndiyo kazi yangu. Mlazeni."

Wanachama wakamlaza juu ya meza kuu, upesi kuliko walivyowahi kutekeleza azimio lolote. Dole gumba likazama.

"Hapa umebeba nini, baba?"

"Sijabeba... Mama we! Landrova! Iko Kiwira kwa mdogo wangu! Nilijiuzia mwenyewe!"

Ofisi ililipuka. Wengine wakadai funguo, wengine wakamwomba Bi Mwanaharusi abonyeze tena, wasikie na mbolea ya chama ilikwenda wapi.

Ambindwile hakungoja. Nje alimkuta Agness anapeleka mkungu wake sokoni. Akampokea, akauweka kichwani, akashika barabara. Wanaume wa kijiweni wakaanza kumpigia miluzi.

"Shemeji, wanakucheka," Agness akasema.

"Wacheke. Siwezi kugeuka kuwatazama, mkungu utaanguka."