Mikono ya Bwana Malale

Bwana malale hakutoa mikono. Alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba ya Verediana, ukungu wa Julai ukiwa bado umelala juu ya migomba, akakanyaga chini kwa mguu mmoja, na mikono yote miwili ikabaki ndani ya yale mangozi. Yalikuwa mawili, ya mbuzi, yameshonwa kama mifuko na kufungwa kwenye vipini vya usukani, manyoya ndani, upande mkavu nje. Kwa mbali ungedhani mikono yake imemezwa na wanyama wawili wasio na vichwa.

"Amahoro, mama," alisema.

Verediana alikuwa ameshapiga makofi yake ya heshima, ameshainama, ameshanyoosha mikono. Huku Buha salamu haitupwi kwa mdomo kama ganda la ndizi. Unamshika mtu mikono yote miwili, unapanda nayo hadi kwenye viwiko, unamuuliza habari za alikotoka, za watoto, za mashamba, na muda wote huo umemshikilia. Mtu aliyekusalimu hivyo hawezi kuwa na kisu mkononi. Sasa mikono yake ilibaki hewani, tupu, mpaka akairudisha kifuani kwa aibu. Aibu ile ikageuka hasira kabla haijafika moyoni.

"Amahoro," alijibu. "Mikono yako inaumwa?"

"Haiumwi," alisema bwana malale, bila kumtazama.

Jina lake lilikuwa Hilali, mtu wa Pangani, ameletwa na serikali kupambana na ugonjwa wa malale. Mwezi uliopita alipita kijijini, akakaa mbele ya ofisi ya kijiji, akawatoboa watu vidole na kupaka damu yao kwenye vioo vidogo. Verediana alikuwa shambani siku ile. Aliporudi alimkuta mumewe, Laurent, ameegemea ukuta amelala, kipande cha pamba kidoleni. Nani kakupa ruhusa ya kutoa damu? Laurent alifungua jicho moja akasema, "Wameomba kidogo tu," akalala tena.

Kulala huko ndiko kulikomla Verediana. Laurent alikuwa mrina asali, mtu wa kwenda porini alfajiri na kurudi na mzinga begani huku akiimba. Malori yalipokuja mwaka jana kuwahamishia kwenye kijiji cha barabarani, wengine walihamisha hata mawe ya jikoni. Laurent mizinga yake ilibaki kule kule kwenye pori la mbung'o, naye aliendelea kuifuata. Sasa usiku alikesha akizungumza na dari, homa ikampanda na kushuka, na jua likishachomoza vizuri alianguka usingizini popote alipo, hata bakuli likiwa mkononi.

"Damu ya baba Reverien imeonekana ina wadudu," Hilali alisema. "Ni malale. Lazima aende hospitali Kasulu akachomwe sindano. Akiwahi, anapona."

"Asipowahi?"

"Atalala mpaka asiamke."

Alilisema bila kulipamba, na Verediana akalichukia neno lile kwa sababu alikuwa ameshalifikiria mwenyewe.

"Hao wadudu kawaona nani?"

"Mimi. Na mwenzangu wa Kasulu."

"Sisi tusiwaone?"

"Wanaonekana kwa hadubini, mama."

Nyuma ya uzio mtu alicheka. Alikuwa Longinus, balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuna mgeni aliyeingia upande huu wa Kumsenga bila yeye kunusa. Alikuja akifunga mkanda wa suruali.

"Shemeji, wewe uliza taratibu," alimwambia Verediana. "Mwezi jana wamebeba damu ya kijiji kizima. Leo wamekuja kuchukua na chupa yenyewe."

"Balozi, haya si maneno ya kiongozi," Hilali alisema.

"Na wewe mikono yako si ya mgeni. Umeficha nini humo?"

Hapo ndipo Verediana alipokumbuka yaliyosemwa dukani kwa Zuleha, mjini Kibondo, siku aliyokwenda kununua chumvi: kwamba mumiani wa siku hizi hawaji na mikuki, wanakuja na vyeti vya serikali; wanakunyonya damu, na anayechukuliwa na chombo cha moto harudi. Zuleha alikuwa na ndugu zake pwani, na kila habari ya pwani ilifika kwake ikiwa imenona. Verediana alicheka siku ile. Sasa alimtazama mtu wa pwani amekaa juu ya chombo cha moto, mikono haionekani, akimtaka mumewe.

Lakini ndani ya nyumba Laurent alikuwa akikoroma, na asubuhi ilikuwa haijafika hata katikati.

"Basi la Kasulu je?" aliuliza.

"Limeharibika Kibondo, halijulikani litapona lini. Nitampakia mimi. Tuondoke kesho alfajiri, wakati bado yuko macho. Jua likimkuta njiani atasinzia, na mtu anayesinzia nyuma ya pikipiki anaanguka."

"Nitakwenda naye."

"Watatu?"

"Watatu. Au hakuna anayekwenda."

Hilali alilala kwa balozi. Alfajiri alikuja na pikipiki ikinguruma, baridi ikiwa imekaza kiasi kwamba majani ya uani yalilia chini ya viatu. Verediana alikuwa amemvisha Laurent koti, na juu ya koti blanketi. Mtoto wao, Reverien, alikuwa kwa bibi yake. Kiunoni, ndani ya kitenge, Verediana alikuwa amechomeka kisu cha kurinia asali.

Akasimama mbele ya usukani. "Vitoe hivi."

"Vipi?"

"Hivi vingozi vyako. Ning'olee. Nataka niione mikono inayomchukua mume wangu, njia nzima."

"Mama, nakuomba." Sauti ya Hilali ilishuka. "Mimi nimezaliwa kwenye joto. Baridi yenu hii..."

"Wanaume wa hapa wanapanda baiskeli mikono mitupu."

"Baiskeli haiendi kasi hii. Upepo ndio unaoua."

"Ng'oa, au nenda peke yako!"

Longinus, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alipiga kofi moja la furaha. Hilali alifungua kamba taratibu, akavuta ngozi ya kwanza, ya pili, akampa Verediana. Verediana akaingiza mkono. Manyoya, uvuguvugu, na chini kabisa doa jekundu lililomganda vidoleni.

"Nini hiki?"

"Vumbi la barabara yenu."

Aliunusa mkono. Ulikuwa na harufu ya mbuzi na petroli. Hilo halikumtuliza, mtu mwongo naye hupita kwenye vumbi. Alimtupia Longinus zile ngozi, akampandisha Laurent katikati, akakaa nyuma yake na kumzungushia mikono.

"Shemeji," Longinus alisema, "ukiona anakata kona ya porini, ruka."

"Nikiruka mimi, na yeye ataruka, lakini bila shingo," alijibu Verediana, kwa sauti ya kutosha kumfikia anayeendesha.

Wakaondoka. Mwanzoni mikono ya Hilali ilionekana vizuri, myeusi juu ya vipini, na Verediana aliitazama kwa kupinda shingo kando ya bega la mumewe. Waliposhuka bondeni ukungu ukawa mzito kama uji. Matone ya maji yakashika kwenye nyusi. Pikipiki ikaanza kuruka ruka. Gia zilikwaruza, ikazima, ikawaka, ikayumba hadi ukingoni mwa barabara. Laurent alimtukana dereva kwa Kiha, tusi la wazi la mtu aliye macho, na Verediana akalifurahia.

Kisha, mahali pasipo na nyumba, msitu kushoto na msitu kulia, Hilali akasimama.

"Mbona hapa?" Verediana alikuwa ameshashuka, mkono ndani ya kitenge.

"Siwezi kushika klachi."

"Mbona hapa?"

"Kwa sababu ndipo niliposhindwa, mama!"

Alishuka kama mzee. Alijaribu kukunja vidole, havikukunjika. Verediana alirudi hatua, akashika mpini wa kisu. Ndiyo hivi wanavyofanya, aliwaza: anajifanya mgonjwa, wenzake wako humo msituni, wanasubiri filimbi. Akasikiliza. Umande ulidondoka. Hakuna kingine.

Hilali alichuchumaa kando ya pikipiki, akaweka viganja karibu na injini, halafu akakosea, au hakuona, akaegemeza kiganja cha kulia juu ya bomba la moshi. Akabaki hivyo, akimtazama Verediana, akitaka kusema jambo. Verediana alisikia harufu kabla hajaelewa. Ilikuwa harufu ya vinyweleo vinavyoungua, kama kichwa cha mbuzi juu ya moto.

Hilali hakuutoa mkono. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Verediana aliruka, akamshika kifundo na kuuvuta. Mkono ule ulikuwa baridi kama samaki. Kiganja kilikuwa na alama nyeupe iliyoanza kuvimba, na Hilali akaitazama kwa mshangao, kama ya mtu mwingine.

"Nimeungua?" aliuliza.

Hakuna mtu anayeweza kuigiza hivyo. Verediana alilijua hilo kwa mwili, kama anavyojua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa deko.

"Kwa nini hukunipa mikono jana?" aliuliza, bado amemshika.

"Kule Kagerankanda nilimshika mama mmoja, nimetoka tu barabarani. Akapiga yowe kwamba nina mikono ya maiti. Kijiji kizima kikakimbia, na wagonjwa wamo humo humo. Tangu siku hiyo natangulia kuipasha moto kwanza."

"Ungesema."

"Ungeamini?"

Verediana alifungua kanga ya mabegani, akamviringishia mikono, akasubiri. Haikusaidia. Kanga huzuia joto lisitoke, na hapa hapakuwa na joto la kuzuia. Kiberiti hawakuwa nacho. Mashariki ukungu ulianza kupauka.

"Tungoje jua," Hilali alisema. "Likipanda kidogo mikono itafunguka."

"Likipanda mikono yako itaamka na mume wangu atalala."

Walimgeukia Laurent. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki, blanketi limemteleza, mashavu yanang'aa. Homa ilikuwa imempanda. Verediana alimgusa shingoni akaondoa mkono haraka. Alikuwa anawaka kama chungu kilichotoka mekoni. Alisimama kati ya wanaume hao wawili, mmoja wa moto na mmoja wa barafu, na jambo alilopaswa kulifanya likamjia lote, na halikumpendeza. Jana asingemruhusu mtu huyu amguse Laurent hata kwa ukucha.

"Baba Reverien, inua mikono."

"Naibiwa?"

"Inua!"

Alimfungua vifungo vya koti na vya shati. Akamvuta Hilali kwa kanga ile kama anavyovutwa ndama, akamfungua mikono, akaisukuma ndani ya makwapa ya mumewe, kiganja kilichoungua akakigeuzia nje.

Laurent alipiga yowe hadi ndege wakatoka mitini. "Mama yangu! Ni vyura hawa!"

"Bana."

"Mwanamke, umenioza kwa bwana malale?"

"Bana makwapa, nimesema."

Akabana. Wanaume wawili wakabaki wamekumbatiana katikati ya barabara ya Kibondo, hakuna aliyejua pa kutazama. Hilali aliuma mdomo. Baada ya muda machozi yakamtoka, akaanza kuguna. Maumivu ya kiganja yalikuwa yamefika.

"Sasa nahisi," alisema kwa meno yaliyoumana. "Nahisi yote."

"Kunja vidole."

"Anakunja, anakunja, ananitekenya," Laurent alisema, akacheka, na katikati ya kicheko kope zake zikashuka.

Verediana alimzaba kofi la bega. "Washa pikipiki!"

Iliwaka. Njia nzima hadi Kibondo alimfinya mumewe mapajani, akamuuliza majina ya wajomba zake, akamwambia asali yake ya mwaka jana ilikuwa chungu. Hilo la asali lilimuamsha kuliko mafinyo. Pale Kibondo walikunywa chai ya moto, Hilali akishika kikombe kwa vidole vinne na kukataa kukiachia. Laurent alisinzia juu ya andazi. Wakamfunga mgongoni kwa dereva kwa kanga, fundo likiwa kifuani kwa Hilali, na Verediana akalikaza yeye mwenyewe. Mchana ulipogeuka walishuka Kasulu. Laurent alikuwa amelala kabisa, kidevu begani mwa bwana malale, lakini hakuwa ameanguka.

Hospitali ilinuka dawa na nguo zilizochemshwa. Muuguzi mmoja alimwonyesha Hilali benchi ili apakwe dawa ya kuungua, mwingine akamlaza Laurent na kumkunjia mkono wa shati. Akainua sindano kwenye mwanga.

"Mama, wewe subiri nje," alisema.

Verediana alivuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na mlango, akakaa.

"Ilete hapa kwanza," alisema. "Niambie kilichomo."

Muuguzi alimtazama Hilali, ambaye aliitikia kwa kichwa tu, kiganja chake kikiwa juu kama cha mtu anayeapa. Muuguzi akaja na sindano, akainama mbele ya kiti, akaanza kueleza.