Kunde Zilizochambuliwa

Orodha ya mafanikio ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo kikuu, jina la Daktari Gichovi lilikuwa la kwanza, na kwa siku mbili kila aliyepita hapo alimpa mkono. Hata walinzi wa lango, ambao kila asubuhi humwitisha kitambulisho kana kwamba ndiyo kwanza wanamwona, walimwita Profesa. Hakuwa profesa. Lakini makala yake ilikuwa imechapishwa na jarida kubwa la ng'ambo, naye alikuwa apandishwe cheo awe mhadhiri mwandamizi baada ya kungoja miaka kumi na miwili. Mtu aliyengoja hivyo hana haja ya kuwasahihisha walinzi.

Makala yenyewe ilihusu majivu. Kwa misimu sita Gichovi alihifadhi kunde nyumbani kwa mamake, Wanjugu, karibu na Ishiara, ndani ya vibuyu ishirini. Kumi vilitiwa majivu, jinsi wanawake wa Mbeere walivyotunza mbegu tangu zamani. Kumi vilifungwa kamba nyekundu na havikutiwa chochote, ili ijulikane fukusi wangekula kiasi gani wakiachiwa. Kila baada ya miezi mitatu alishuka kutoka Meru kuhesabu mbegu zilizotobolewa. Za kamba nyekundu zilikuwa unga mtupu. Za majivu, karibu zote nzima. Yalikuwa matokeo ya kumtia mtu kiburi, na kiburi kilimwingia, tusimfiche. Hata hivyo alikuwa mwana mwema, kwa maana jina la pili kwenye makala lilikuwa la Wanjugu, aliyeachia masomo darasa la tatu.

Jumamosi akampelekea mama nakala, akiandamana na mkuu wa idara yake, Profesa Kagwiria. Kwa kuwa Kagwiria ni Mmeru na Kimbeere hakijui, walizungumza Kiswahili, kile cha sokoni. Mama alikuwa amechinja jogoo. Mwanawe alipomwonyesha jina lake, alilipitishia kidole polepole.

"Baba, sasa hata nikienda, nimeandikwa," akasema. Humwita baba kwa sababu alimpa jina la babake mzazi.

Kagwiria akataka kumsifu zaidi. Akamwuliza aliwezaje kuweka kunde safi namna ile, hata mwaka ule wa kiangazi ambapo fukusi waliwamalizia majirani ghala zima. Wanjugu akacheka, kama mama yeyote anayesifiwa mbele ya mwanawe.

"Hata kwangu walikuwa wanaingia," akasema. "Huo mwaka walikuwa wengi sana. Lakini kabla Gichovi akuje, nilikuwa namwaga kwa uteo, nachambua zile mbaya napea kuku. Mtu hawezi peana nafaka chafu, hata kama ni kwa mtoto wake."

Gichovi aliweka kijiko chini. "Na zile za kamba nyekundu?"

"Si hizo uliniambia nisiguse? Sikugusa hata moja."

Ni kweli alimwambia. Misimu sita alirudia agizo hilo hadi mama akachoka kulisikia, na hata siku moja hakumwambia asiguse zile zingine. Naye alizaliwa katika nyumba hiyo! Tangu utotoni alimwona mama akikataa kumpa jirani hata kibaba cha kunde kabla hajakichambua. Alijua, ila hakufikiri. Majuto ni mjukuu, watu husema; wa Gichovi alizaliwa pale pale mezani.

Mama alimtazama usoni, kicheko kikamwisha. "Nimekosea, baba?"

"La, mama. Hujakosea mahali."

Akaendelea kula, kwa maana kuiacha ile nyama kungemwambia mama kila kitu.

Wakiwa njiani kurudi, waliuvuka mto Thuci. Kisha Kagwiria akasema, "Hii jambo tunaijua watu watatu, na mmoja wetu hajui ile kitu anajua. Mimi sitasema. Na sitakulazimisha useme."

Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomtesa Gichovi. Afadhali angemkaripia. Gichovi aliwawazia wakulima ambao, kwa kuamini takwimu zake, wangeweka mbegu yao ya mwisho ndani ya majivu mwaka wa fukusi wengi, kisha wafungue vibuyu wakute unga. Akawaza pia kidole cha mama juu ya jina lake. Hakujua kipi kilimuuma zaidi.

Jumatatu aliliandikia jarida akiomba makala iondolewe. Penye sababu aliandika kwamba mtafiti mkuu hakutoa maelekezo kamili, mama hakumtaja. Wiki iliyofuata orodha ilichapwa upya bila jina lake, na barua ya cheo ikarudishwa ilikotoka. Watu waliompa mkono sasa walimsalimia kwa haraka, kama mtu aliyefiwa.

Mama hakuambiwa. Alikuwa amempa mchungaji ile nakala, jina lake likasomwa kanisani, na wanawake wenzake wakampigia vigelegele. Nani angekuwa na moyo wa kwenda kumnyang'anya hayo?

Miezi mitatu ikapita, naye akapiga simu. Kunde ziko tayari, mbona kimya? Gichovi angeweza kusema utafiti umekwisha. Badala yake alishuka Ishiara, akaketi kwenye kigoda, akahesabu mbegu mia mbili kutoka kila kibuyu cha majivu, moja moja, kama alivyofanya sikuzote. Mama alisimama kando yake, uteo mkononi.

"Ngapi mbaya?"

"Hakuna, mama."

"Basi andika."

Gichovi akafungua daftari, akaandika sufuri, machozi yakamtoka. Mama alidhani ni majivu yamemwingia machoni, akainama akampangusa kwa ncha ya leso.