Jezi Iliyofumuliwa Jumatano

Saa kumi na dakika thelathini na mbili alasiri birika lake la umeme lilikuwa limelala kifudifudi juu ya meza ya fundi, kitako kimefunguliwa, skrubu tatu zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango akijiambia kwamba hakusikia, mshona mapazia hakusema alichosema, au alisema jingine, watu husema mengi mpira unapochezwa, lakini huyo hapo anarudia, mama wa watu hana habari, kidole kakielekeza kwenye televisheni ya katikati, ile pekee yenye sauti, "Huyo namba tisa mnayemwona hapo, hiyo tisa nimempa mimi, kwa mkono wangu huu, alikuja na kumi na nne mgongoni, akasusa, hali, hasemi na mtu, eti kwao mshambuliaji havai kumi na nne, Jumatano jioni wakaniletea jezi zote mbili nifumue, kumi na nne nikampa kiungo, tisa nikampa yeye, na uzi wa njano ulikuwa umeniishia," na fundi akacheka bila kuinua macho kwenye waya, "Kwa hiyo wewe shabiki wetu ndiye unayewavisha wa ng'ambo ya reli," na mshonaji akamrudishia, "Na wewe ukiletewa redio ya ng'ambo ya reli utaikataa?", na Jumatano... Jumatano ipi, ile ya wiki sita zilizopita, usajili ulifungwa Ijumaa kwa hiyo ni ileile, Jumanne wachezaji wageni watatu wa klabu hiyo walikuja hospitali kupimwa, Jumatano jezi zikafumuliwa, Alhamisi daktari akasaini barua, hesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, hesabu tena, siku hazibadiliki. Mwenye birika mtaani wanamwita Vipimo kwa sababu ndiyo kazi yake, chumba namba sita, mashine ya mapigo ya moyo, miaka kumi na mmoja, na juu ya mashine pana karatasi aliyoibandika yeye mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi, ANDIKA JINA KAMILI KAMA LILIVYO KWENYE KITAMBULISHO, na Jumanne ile hapakuwa na kitambulisho, hati zao za kusafiria zilikuwa ofisi ya vibali, mchua misuli wa klabu aliyewaleta hakuyajua majina yao, alijua huyu ni kipa, huyu kiungo, huyu mshambuliaji, na aliyajaribu majina kwa kalamu mara mbili akayakata, akasema, "Andika namba za jezi, dada, sisi wenyewe tunawaita kwa namba," na wote watatu walikuwa wamevaa jezi za mazoezi, namba kubwa za njano, zinasomeka hata na kipofu, akaandika namba. Moja, tisa, kumi na nne. Foleni ilikuwa ndefu na karatasi tatu zilijaa haraka.

"Wakishinda leo wanashika nafasi ya pili," Mwalimu alikuwa anasema, yule aliyefundisha jiografia miaka thelathini na sasa anafundisha jiografia ya wachezaji, "na wawili wanapanda, kwa hiyo msijidanganye, jamani, wale watapanda," na fundi, "Wapande wapi? Ukifunga vipuri vya nje kwenye redio ya mwaka arobaini na saba, inageuka televisheni? Sifuri kwa sifuri, dakika ya thelathini na tatu, wageni wenyewe hao," na Mwalimu, "Wageni hawakuja kupanda daraja, fundi, wamekuja kupanda ndege ya kwenda mbele, hapa ni kituo tu," wakacheka, na Vipimo naye akasikia sauti yake ikicheka pamoja nao, kicheko kilitoka chenyewe kama kikohozi, huku macho yake yakiwa kwenye televisheni ya kushoto, ile isiyo na sauti, yakimtafuta mtu mrefu mwenye kovu juu ya nyusi. Kovu analikumbuka. Anamkumbuka kwa sababu alipompaka ile dawa ya baridi kifuani alishtuka akacheka, akasema neno moja la Kiswahili alilolijua, "baridi, baridi," na tone likadondokea jezi aliyoiweka mapajani, likaangukia kwenye ile nne ya kumi na nne, akalifuta kwa kidole. Kumi na nne. Hakuna kubabaisha hapo, si tisa, ni kumi na nne, na mashine ilipomaliza karatasi yake ilitoka na milima isiyo ya kawaida, mistari inapanda mno kisha inazama pasipotakiwa, aliiona, lakini kazi yake ni kupima, kusoma ni kwa daktari, na yule mtu akiwa bado amelala akauliza kwa dole gumba, akilisimamisha, kwa maana ya je, moyo mzima? Na yeye akasimamisha lake. Humfanyia hivyo kila mtu, wazee, wajawazito, wanafunzi, ni namna ya kuwaambia shuka, vaa, zamu ya mwingine, hana maana nyingine, lakini mtu yule alishuka kitandani anatabasamu kama aliyepewa cheti.

Alhamisi daktari wa moyo akaizungushia karatasi ile duara kwa kalamu nyekundu, akasema misuli ya moyo imenenepa, huyu akikimbizwa sana anaweza kuanguka akazimika papo hapo, akaandika barua, mchezaji namba kumi na nne asifanye mazoezi wala asicheze mechi yoyote mpaka aletwe tena baada ya wiki mbili, ikaenda na muhuri wake, na klabu ikatii, jamani, ikatii kabisa! Ikamketisha jukwaani namba kumi na nne, kiungo, mtu mwenye moyo kama injini ya treni. Wiki mbili zikapita, hakuletwa mtu, na Vipimo hakuuliza, faili lilikuwa chini ya mafaili mengine na lenyewe halikuwa na jina, nani atauliza habari za faili lisilo na jina... "Na yule kiungo wao wanamlisha bure," fundi anasema, "eti mgonjwa, nilimwona sokoni amebeba jokofu," na mshonaji, "Amebeba jokofu?", "Dogo, lakini jokofu," na hapo televisheni ya kushoto ikamwonyesha, si kiungo, mshambuliaji, kwa karibu, jasho, kovu, ni yeye, kisha akageuka na mgongoni tisa ya njano imeshonwa vizuri, mshonaji anashona vizuri, hilo lazima asifiwe.

Basi. Ameshajua. Sasa anajua, na dakika moja iliyopita hakujua, na hakuna mwingine duniani anayejua, hata mwenye moyo wake hajui, na kama angekuja kesho kuchukua birika asingejua, aliambiwa aje kesho, fundi alisema njoo kesho dada litakuwa tayari, kwa nini alikuja leo, kwa sababu ya chai, kwa sababu ya chai tu. Dakika ya thelathini na sita. Kacheza mechi nne, alijaribu kufikiri, mechi nne nzima na yuko hai, moyo uliovumilia nne utavumilia ya tano, mashine nazo hukosea, waya ukilegea mistari hupanda, lakini waya haukulegea, aliukagua mara mbili, yeye huukagua mara mbili, ndiyo sifa yake hospitali nzima, mtu wa mara mbili, isipokuwa jina. "Mwangalieni mgeni!" Mwalimu kainuka kitini, "Mwangalieni, kashika magoti, nusu saa tu kashika magoti, mapafu ya kuku hayo," na fundi, "Huyo cheti cha kuzaliwa kakisahau kwao, huyo ni babu wa mtu," na mshonaji akapiga makofi, "Mwacheni afie hapohapo tupumzike," neno la mpira, kila Jumamosi linasemwa, yeye mwenyewe amelisema Jumamosi ngapi, na mtu mrefu kwenye televisheni zote tatu, moja bubu, moja yenye sauti, moja iliyoharibika rangi ikamfanya wa kijani kuanzia kichwa hadi viatu, alikuwa ameinama, mkono mmoja gotini, mwingine... mwingine uko wapi, kifuani, au anavuta jezi tu, wachezaji huvuta jezi, huvuta kupata hewa, kisha akanyooka, akakimbia.

Akaingiza mkono mkobani, akaigusa simu, akauacha mkono humo humo. Atasema nini. Atasema mimi ni wa chumba namba sita, mtoeni mshambuliaji wenu, leo, mechi ya kupanda, sifuri kwa sifuri, na wao watauliza dada wewe ni shabiki wa nani, na hawatahitaji jibu, kaka yake ndiye mwenyekiti wa tawi la upande huu, bendera iko juu ya paa la nyumba waliyozaliwa, na kaka yake ana mdomo, mwezi uleule wa usajili alisimama palepale barazani kwa fundi mbele ya watu ishirini akasema, "Dada yangu yuko hospitali, tukitaka tunawaangusha wote kwenye vipimo!", na watu wakacheka, na mzaha ule ukavuka reli kabla jua halijatua, kwa hiyo akipiga simu leo mzaha unageuka ushahidi, watasema alibadilisha namba makusudi, watasema familia nzima, watakuja hospitali, wataikuta ile karatasi ukutani yenye mwandiko wake, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mkubwa wa idara atauliza swali moja tu, kwa nini uliandika namba, na jibu ni foleni. Miaka kumi na mmoja, na jibu ni foleni. Dakika ya thelathini na nane. Au asubiri mapumziko, dakika saba tu, watu wakiwa wametulia, apige kwa utaratibu, kwa heshima, dakika saba ni nini... mwaka juzi mzee mmoja alisubiri dakika nne kwenye benchi nje ya chumba namba sita, nne, alikuwa anasoma gazeti, na Vipimo alipofungua mlango kuita jina lake gazeti lilikuwa limeshaanguka.

Akampigia daktari kwanza, kwa kuwa daktari ana cheo na sahihi, simu imezimwa, Jumamosi, daktari huzima. Akapiga tena, imezimwa. Akashuka kwenye orodha ya majina mpaka kwa yule mchua misuli, alimwachia namba siku ile, "Majibu yakitoka nishtue, dada," akamhifadhi kama Mchua wa Reli, na kidole kikakaa juu ya jina, alikitazama kama kidole cha mtu mwingine, mgonjwa fulani, angemwambia pumua taratibu, usiongee, usisogee. "Vipimo, mbona kimya," fundi akasema, "au nawe umewapenda wageni?", na Mwalimu, "Mwache, huyo ana siri za hospitali, kawaona wote vifua wazi," na mshonaji akacheka mpaka akashika ukuta, na yeye akasema, "Birika bado?", sauti ikatoka ya kawaida, ya kawaida kabisa, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko vyote, kwamba angeweza, kwamba angekaa hapa na sauti hii ya kawaida, achukue birika, aende nyumbani, achemshe maji, na ikitokea itokee, atasikia kupitia redio kama watu wengine, atasema maskini kama watu wengine, na hakuna atakayejua maisha yake yote ila yeye na lile dole gumba. Alilitazama. Lilikuwa palepale, juu ya simu. Akabonyeza.

Ikaita. Ikaita, ikaita, na kwenye televisheni ya katikati mpira ulikuwa umetoka nje, kamera ikapita kwenye benchi la wa ng'ambo ya reli, kocha kasimama, wachezaji wa akiba wamejifunika taulo, na mwisho wa benchi mchua misuli na begi lake magotini, anapapasa mfukoni, anatoa simu, anaitazama, na Vipimo akamwona anamtazama, ndivyo ilivyokuwa, alimwona mtu anayetazama namba yake, kisha akairudisha mfukoni na kamera ikaondoka. Simu ikakata. Sasa unaweza kusema ulijaribu, sauti moja ikamwambia, ulipiga, hakupokea, iko kwenye kumbukumbu ya simu, saa na dakika... akapiga tena kabla sauti haijamaliza. Ikaita mara mbili. "Dada, tupo kwenye mechi," kelele za uwanja nyuma yake, na kelele zilezile zikafika dukani kupitia televisheni zikiwa zimechelewa kidogo, na yeye akasimama, hakuwa amepanga kusimama, kigoda kikaanguka, na akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha, "Namba kumi na nne ya kwenye barua ni namba tisa wa leo. Walibadilishana jezi Jumatano. Mgonjwa ni mshambuliaji. Mtoeni. Mtoeni sasa hivi, mtaniuliza baadaye." Fundi aliinua macho. Mshona mapazia alitazama vidole vyake mwenyewe. Kwenye simu palikuwa na kelele tu, kisha sauti ikasema, "Nimekusikia," kisha hapakuwa na kitu.

Kitako cha birika kilikuwa bado wazi na skrubu zilikuwa tatu. Ubao wa kubadilisha wachezaji haukuwa umeinuliwa. Saa kumi na dakika arobaini na moja, namba tisa alikuwa bado anakimbia.